Kicheko Kilichomwangusha Ndugu Yangu

Hujafa hujaumbika. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi tangu shule ya msingi, nikapata alama zangu na kuendelea na safari, bila kujua hasa inamwambia nani. Mpenzi msomaji, leo sitafuti alama. Nataka kukusimulia habari za mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu, na za ugonjwa aliozaliwa nao. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ni lake, wala hakunituma niligawe jaridani. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia haya mengine, naye akakubali kwa kutikisa kichwa.

Kwetu ni Taita, milimani karibu na Wundanyi. Aliyewahi kufika huko anajua kwamba uwanja tambarare kwetu hutafutwa kwa tochi. Ukienda mtoni unateremka, ukienda shuleni unateremka, na kurudi nyumbani ni kupanda mpaka kifua kiwake moto. Watoto wa kwetu huteremka vijia hivyo mbio kama paa. Ndugu yangu naye aliteremka hivyo hivyo mpaka alipotimiza miaka 7, mwaka wa 2021. Hapo ndipo alipoanza kuanguka.

Mara ya kwanza tulidhani ameteleza. Ilikuwa jioni, tumeketi jikoni tukingoja sima iive, shangazi akitusimulia jinsi jogoo wa jirani alivyomkimbiza mzee mmoja mwenye bakora mpaka akapoteza kofia. Tukaangua kicheko. Ndugu yangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Akacheka pia, kisha ghafla shingo ikalegea, magoti yakakunjika, huyo chini! Hakuzirai. Macho yalikuwa wazi na alitusikia sote. Muda si muda akainuka, akajipangusa majivu, akaketi. Nasi tukacheka tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba huanguka akicheka. Ningekuwa mtu wa maana ningemwambia mama siku hiyo hiyo. Lakini wapi! Niliufanya mchezo. Marafiki zangu walipokuja nyumbani niliwaambia, "Ngojeni muone kioja." Kisha namwigizia ndugu yangu yule mzee na jogoo, yeye anacheka, anaanguka, nao wanashika mbavu. Jamani, nilijiona bingwa.

Siku moja tulikuwa juu ya kijia cha kuteremkia mtoni. Nikamwigizia jogoo. Akacheka, akaanguka, na safari hii kidevu chake kikagonga jiwe. Damu ilimtoka mpaka ikalowesha shati lake la shule. Kwenye zahanati alishonwa nyuzi 4. Mama aliponiuliza kilichotokea nilimtazama usoni bila haya nikamjibu, "Ameteleza, mama." Ndugu yangu alinitazama tu. Hakunisema.

Baada ya hapo mambo mengine yakaanza kujitokeza polepole, kama maji yanayopenya kwenye paa bovu. Mwandiko wake uliokuwa mzuri ukaanza kutambaa kama nyayo za kuku. Mwalimu wake akadhani ni uvivu. Maneno yakaanza kumjia mazito mdomoni. Chakula kikawa kinampalia. Ajabu kuliko zote ilikuwa kwenye vijia vyetu. Mtoto aliyekuwa akiteremka mbio sasa alisimama juu ya kila ngazi ya udongo, akainamisha kichwa chote mpaka kidevu kikagusa kifua, ndipo akaona pa kukanyaga. Tulimwambia, "Si utazame chini tu kama watu!" Hatukujua kwamba tunamwagiza afanye jambo ambalo macho yake yalikuwa yamekwisha sahau.

Penye wengi pana mengi. Kijijini maneno yakaenea. Wapo waliosema mtoto amerogwa. Wapo waliosema ni kifafa. Nyanya yangu, mzaa baba, hakusema hadharani, lakini sote tulimwelewa. Kwake yeye, ukoo wa baba haukuwahi kuwa na kitu kama hicho, kwa hiyo kimetoka kwa mama. Aliacha kula chakula cha jikoni kwetu. Mama akimpelekea uji, aliuweka kando mpaka upoe, kisha akawapa kuku. Mama alikuwa akiyaona hayo yote, akaendelea kupeleka uji kila asubuhi.

Kwa miaka miwili tulizunguka hospitali. Sitazitaja, kwa kuwa watu waliokuwa humo walijitahidi kwa walichokijua. Kuna mahali walipima bandama yake, wakaikuta imevimba, wakasema ni malaria ya mara kwa mara. Kwingine walimpa dawa za kifafa, kwingine za minyoo. Hakuna aliyemuuliza mama kuhusu miezi ya kwanza ya mtoto. Angeulizwa, angesema kwamba alizaliwa mzima lakini akageuka manjano macho na ngozi, na umanjano huo ulichukua zaidi ya miezi miwili kuisha.

Aprili mwaka wa 2023, nikiwa nimefunga shule, niliandamana na mama kumpeleka Mombasa kwa daktari mwingine. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na sindano. Alimwambia ndugu yangu, "Tazama dirishani. Sasa tazama mlangoni. Vizuri. Sasa bila kuinamisha kichwa, tazama viatu vyangu." Macho ya ndugu yangu yakahangaika. Kulia yalikwenda, kushoto yalikwenda, chini yalikataa kabisa. Akapepesa, akajaribu tena, kisha akainamisha kichwa kama afanyavyo kwenye vijia vyetu.

Daktari akanyamaza kidogo. Halafu akamgeukia mama. "Mama, hebu nikuulize swali ambalo huenda likakushangaza. Mtoto huyu akicheka sana, huwa anaanguka?"

Mama akafikiri. "Hapana, daktari. Huanguka akiteleza."

Kijasho chembamba kilinitiririka mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini ndugu yangu alikuwa amenikazia macho, yale yale yasiyoweza kutazama chini, na kovu la kidevu likiwa pale pale. Nikasema, "Ndiyo, daktari. Akicheka anaanguka. Tangu mwaka wa 2021. Mimi ndiye niliyekuwa namchekesha."

Daktari aliandika mstari mrefu. Baadaye alitueleza kwamba dalili hizo mbili, macho yasiyoshuka na kuanguka kwa kicheko, zikikutana kwa mtoto mmoja mwenye bandama kubwa, humfanya daktari ashuke moja kwa moja kwenye ugonjwa mmoja au miwili tu. Yaani kile nilichokificha kwa miaka miwili kwa kuogopa fimbo ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Tuliporudi kwa matatu mama alikaa kimya kutoka Mombasa mpaka Voi. Nilimweleza na habari ya jiwe na nyuzi 4. Pale Voi, tukingoja gari la kupanda Wundanyi, alininunulia chai. Hakusema lolote juu ya jambo hilo, wala hajasema mpaka leo. Waama, fimbo ingeniuma kidogo kuliko chai ile.

Damu ilipelekwa ng'ambo ikachunguzwe jeni. Miezi kadhaa baadaye majibu yakaja. Ugonjwa unaitwa Niemann-Pick aina ya C. Tulichokishika sisi katika maelezo yote yale ni maneno mawili tu, lisosomu na kolesteroli.

Shangazi aliposikia kolesteroli hakuhitaji kusikia zaidi. Redioni wanasema kila siku kwamba kolesteroli hutoka kwenye mayai, nyama na vyakula vya mafuta. Basi amri ikatoka. Mayai marufuku. Chapati marufuku. Mboga zikachemshwa kwa maji na chumvi. Mtoto ambaye tayari alikuwa anapaliwa na chakula akaanza kukonda mpaka mifupa ya mabega ikachomoza.

Mimi nilikuwa nimerudi shuleni, Kidato cha Pili. Lile neno la kwanza, lisosomu, lilikuwa linanisumbua. Nilikumbuka kwamba katika Kidato cha Kwanza nililichora, nikalipatia alama moja, nikalitupa. Jioni moja nikamfuata Mwalimu wetu wa Biolojia maabarani nikamweleza yote. Hakuniambia nirudi kesho. Alifuta ubao.

"Baba yako anafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Ni dereva wa lori, Mwalimu. Huchukua mizigo bandarini Mombasa."

"Vizuri. Basi na tuanzie hapo bandarini."

Alichonieleza nitajaribu kukipanga hapa, wale wa sanaa msikimbie. Kolesteroli si sumu. Kila seli ya mwili inaihitaji, maana ndiyo inayoupa utando wa seli uimara wake, na mwili huitumia pia kutengenezea baadhi ya homoni. Lakini kwa kuwa ni aina ya mafuta, haiwezi kusafiri peke yake katika damu. Hupakiwa katika vifurushi maalumu, na hivyo ndivyo malori yetu. Lori likifika kwenye seli hupokelewa langoni, kisha huingizwa lilivyo, mzigo na turubai, hadi katika kijichumba kiitwacho lisosomu. Humo mna asidi na vimeng'enya vya kubomolea vitu. Turubai linachanwa, mzigo unafunguliwa. Sasa kolesteroli inatakiwa itoke ikatumike.

"Hapa ndipo penye hamali wawili," Mwalimu alisema. Alichora watu wawili wenye vichwa vikubwa. "Huyu wa ndani anaitwa NPC2. Anaibeba kolesteroli na kuisogeza ukutani. Huyu wa pili, NPC1, amejengwa ndani ya ukuta wenyewe. Anaipokea na kuipitisha upande wa pili. Hizi ni protini, na kila protini hutengenezwa kwa maagizo ya jeni. Jeni ikiwa na kosa, hamali hatengenezwi vizuri, au hafiki kazini. Hamali mmoja tu akikosekana, mzigo haupiti."

Katika wagonjwa 100, 95 hivi kosa lao liko kwenye NPC1. Ndugu yangu ni mmoja wao.

Kwa hiyo kolesteroli inabaki ndani ya lisosomu, inarundikana, na mafuta mengine yanarundikana pamoja nayo. Mimi nikasema, "Basi Mwalimu, seli ina kolesteroli nyingi kupita kiasi. Shangazi ana haki."

"La. Hebu ngoja. Ofisi ya seli inayohesabu kolesteroli haiko ndani ya lisosomu, iko kwingine. Karani anatazama rafu zake, anaona hakuna kitu. Haoni ghala lililojaa nyuma ya ukuta. Atafanya nini?"

"Ataagiza malori mengine."

"Ataagiza mengine, na kiwanda cha seli yenyewe kitatengeneza kolesteroli zaidi. Seli inashinda njaa na ghala limefurika. Na seli za kwanza kuchoka ni za ubongo, hasa zile za sehemu ya nyuma zinazotusaidia kusimama na kwenda bila kuyumba."

Kisha akaniambia jambo ambalo niliandika mkononi kwa kalamu ili nisilisahau. Karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili iko katika ubongo, na ubongo hujitengenezea yake mwenyewe. Ile ya kwenye damu haivuki kwenda huko. Yai analokula ndugu yangu halifiki kwenye ubongo wake kwa njia ya kolesteroli, hata akila kreti nzima.

Nilikimbia kuomba simu ya shule. "Shangazi, mpe mtoto mayai!"

"Nani kasema?"

"Mwalimu wa Biolojia."

"Kwani mwalimu wenu ni daktari?" Akakata simu. Ikabidi tungoje siku ya kumrudisha kwa daktari yule wa Mombasa, naye akasema vile vile, kwamba kumnyima mafuta hakuzuii ugonjwa bali kunamdhoofisha. Siku hiyo jioni shangazi alikaanga mayai 2, akamlisha kwa mkono wake, polepole ili yasimpalie. Mgala muue na haki yake mpe. Shangazi akikubali amekubali.

Tangu hapo nikawa mtu wa maktaba. Nilisoma kwamba lisosomu iligunduliwa mwaka wa 1955 na mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade. Lakini ugonjwa ulitangulia kuonekana kabla mahali pake hapajajulikana. Daktari wa watoto wa Ujerumani, Albert Niemann, alimweleza mtoto mwenye ugonjwa wa jamii hii mwaka wa 1914, na Ludwig Pick akaufafanua katika miaka ya 1920. Aina hii ya C ilikaa muda mrefu ikichanganywa na nyingine, mpaka miaka ya 1980 ambapo Peter Pentchev na wenzake huko Marekani walipotambua kwamba kinachokwama ni kolesteroli. Jeni ya NPC1 ikapatikana mwaka wa 1997, ya NPC2 mwaka wa 2000.

Katika kupatikana huko kwa mwaka wa 1997 mna habari iliyonigusa. Alikuwepo kocha maarufu wa mpira wa Kimarekani, Ara Parseghian, aliyefundisha timu ya chuo kikuu cha Notre Dame tangu 1964 hadi 1974. Mwaka wa 1994 wajukuu wake watatu wa familia moja walikutwa na ugonjwa huu. Mzee akaanzisha shirika la kuchangisha fedha za utafiti, na fedha hizo zilisaidia jeni kupatikana. Hata hivyo wajukuu wake hao watatu wote walifariki kabla ya kufikisha miaka 20. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje nikatembea uwanjani mpaka kengele ikalia. Hata hivyo jambo moja lilinikaa. Kama ugonjwa ungekuwa laana ya watu wa milimani kwetu, ungemjuaje kocha wa Marekani? Inakadiriwa kwamba humpata mtoto mmoja hivi katika kila 100,000 wanaozaliwa. Ni nadra, lakini haubagui.

La pili lililonishangaza linamhusu baba. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020, ugonjwa wa Ebola ulipozuka mashariki mwa Kongo, huko Beni na Butembo ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi, baba alikuwa akipeleka mizigo njia ya Uganda. Alitusimulia jinsi madereva walivyopimwa joto mipakani na kunawa mikono kwenye ndoo zenye dawa, mpaka ngozi ikababuka. Watu zaidi ya 2,200 walikufa katika mlipuko ule. Mama hakulala baba alipokuwa safarini. Basi, mpenzi msomaji, katika mwaka wa 2011 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba virusi vya Ebola, vikishaingizwa ndani ya seli, huhitaji kushikana na protini moja ili vitoroke kutoka kijichumbani na kuanza uharibifu. Protini hiyo ni ipi? Ni NPC1, yule yule hamali wa ukutani! Watafiti walichukua seli za watu wenye ugonjwa kama wa ndugu yangu, wakaziwekea virusi maabarani, navyo vikashindwa kupenya. Sisemi kwamba ndugu yangu ana kinga ya kutamba nayo. Nasema tu kwamba mlango ambao ukifungwa humdhuru yeye, ndio huo huo ambao adui mwingine hupitia kwa watu wazima kama baba. Nilipomweleza baba kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe mtoto wangu anajua mambo ya barabarani kuliko mimi."

Sasa nije kwa nyanya.

Mwaka huu wa 2025, Kidato cha Nne, tumesoma somo la urithi. Likizo ya Aprili nilichukua maharagwe meupe na mekundu, nikaketi na nyanya barazani. Nilimwamkua, nikamwomba anipe nusu saa tu. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Nyanya, kila mtu ana jeni mbili za kazi hii, moja ya baba na moja ya mama. Nyeupe ni nzima, nyekundu ina kosa. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja haugui, kwa sababu ile nyeupe moja inatosha kutengeneza hamali. Anazeeka na anakufa bila kujua kama ameibeba. Mama alikuwa hivi." Nikaweka nyeupe na nyekundu. "Na baba alikuwa hivi." Nikaweka nyingine nyeupe na nyekundu. "Ili mtoto augue lazima apate nyekundu kutoka kwa mama na nyekundu kutoka kwa baba. Moja haitoshi. Karatasi ya hospitali inasema ndugu yangu alipata moja huku na moja huku."

Nikampangia vyumba vinne. Kimoja cha mgonjwa, viwili vya wabebaji, kimoja cha asiye na kosa lolote. Nikamwambia kila mimba ni bahati nasibu mpya. Nikamwonyesha na hali yangu mimi. Kwa kuwa siumwi, chumba cha mgonjwa kinafutika. Vinabaki vitatu, na viwili kati ya hivyo ni vya wabebaji. Uwezekano kwamba nami nimeibeba ni theluthi mbili.

Nyanya aliyatazama maharagwe kwa muda mrefu. Akachukua lile jekundu la baba akaligeuzageuza kiganjani. Nilidhani atauliza habari za mama. Badala yake akauliza, "Na hili baba yako alilitoa wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikameza mate. "Kwa wazazi wake, nyanya."

"Kwangu."

"Au kwa babu, nyanya. Huenda ni babu."

"Babu yako amelala pale kaburini, hawezi kujibu. Mimi ndiye niliyebaki." Akalirudisha harage mahali pake, sawasawa kabisa kama nilivyokuwa nimelipanga. Hakuongeza neno. Nami sikuthubutu.

Kesho yake asubuhi mama alipeleka uji kama kawaida. Nyanya akaupokea kwa mikono miwili, akaunywa hapo hapo kizingitini, moto moto, mpaka akajiunguza ulimi. Bakuli akalirudisha jikoni yeye mwenyewe. Sijui walisemezana nini huko ndani. Nilisikia tu mama akilia, na nyanya akiita kuku kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Huenda msomaji unajiuliza, je, dawa? Dawa ya kuponya haijapatikana. Kuna miglustati, iliyoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya kwa ugonjwa huu mwaka wa 2009, ambayo hupunguza kasi yake. Mnamo Septemba 2024 Marekani iliruhusu mbili, arimoklomoli na levasetileusini, katika wiki moja. Daktari alipotutajia bei, baba alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa shati. Bado inakaa humo. Kwa sasa ndugu yangu anapewa mazoezi ya viungo, anafundishwa kumeza, na ana dawa ya kupunguza zile anguko za kicheko. Ana miaka 11. Maneno yamepungua, kutembea ni kwa kushikwa mkono. Sitakudanganya msomaji kwamba atapona, maana hata yeye sijawahi kumdanganya tena tangu siku ile ya Mombasa.

Lakini bado anapenda kuchekeshwa. Hapo sikutarajia. Nilipoacha kumwigizia jogoo, nikidhani ndiyo toba yangu, alikasirika. Likizo ya Agosti alinivuta shati, akahangaika na ulimi mpaka likatoka neno moja, "Jogoo." Basi siku hizi tuna utaratibu wetu. Kwanza namkalisha kwenye mkeka, mgongo wake ukiegemea kifua changu, mikono yangu ikiwa imemzunguka. Halafu namsimulia sikioni. Anacheka, mwili unalegea wote, kichwa kinaniangukia begani, nami namshikilia mpaka nguvu zimrudie. Kisha anasema tena, "Jogoo."

Wanachama wenzangu, sina mengi ya kuwausia. Humu shuleni wamo wanaotembea kwa namna yao, wanaoandika vibaya, wanaosinzia darasani, wanaochekwa bwenini. Kabla hujaita wengine waje waone kioja, hebu umuulize mwenyewe, kisha umwambie mtu mzima. Huenda unachokichekea ndicho daktari anachokitafuta. Nawe uliyewahi kusikia nyumbani kwamba ugonjwa wa mtoto umetoka kwa mama, chukua maharagwe machache, ukae barazani.

Namshukuru Mwalimu wetu wa Biolojia aliyefuta ubao jioni ile, na Mwalimu wa Kiswahili aliyenisahihishia makala haya mara tatu bila kuniondolea aibu niliyotaka ibaki. Kalamu naiweka chini.